Jigi la Shingo ya Gitaa, na Barua ya Mwenye Duka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, katika darasa la kazi za mikono)



Kamati imetuagiza tueleze mambo mawili. La kwanza ni jinsi jigi hili lililoko mezani lilivyotengenezwa na jinsi linavyofanya kazi. La pili ni ile barua ya mwenye duka, ambayo wengi wenu mmeisikia nusu nusu njiani. Tutaanza na jigi, kwa maana mtu asiyelijua jigi hawezi kuijibu barua vizuri.

Jigi ni kifaa cha kushika kazi na kuongoza chombo, ili kipande cha kumi kitoke sawa na cha kwanza bila fundi kupima upya kila mara. Ninyi ndugu wa gangi mnalo jigi tangu zamani ingawa hamliiti hivyo. Ni kile chuma cha kupimia upana wa reli. Njia iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901 ina milimita 1000 baina ya reli na reli. Mtu wa gangi hashiki rula kwenye kila taruma. Anaweka chuma chake, kikiingia sawasawa anafunga, kisipoingia anasogeza. Kwa sababu hiyo behewa lililotoka Mombasa liliweza kufika Kisumu bila kuuliza njia ilitandikwa na nani. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina upana wa milimita 1435, na chuma chake ni kingine. Kila kazi ina chuma chake cha kupimia, na hiki tulicho nacho hapa ni cha shingo ya gitaa.

Sisi maseremala wa mabehewa tulianza kutengeneza magitaa baada ya saa za kazi kwa sababu vijana wa tawi walikuwa wanayataka na yale ya dukani yaliwashinda bei. Nchi hii inapenda gitaa. Wazee wetu walicheza kwa santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na watu wa Magharibi hawajamsahau George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, jinsi alivyozichokoa nyuzi kwa vidole. Sanduku la gitaa seremala yeyote mwenye subira ataliweza. Likipinda kidogo bado litalia. Lakini shingo haisamehe. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa pamoja nguvu ya kilo 70 na zaidi, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Shingo iliyokatwa kombo itazidi kwenda kombo. Na freti ikikaa mahali pasipo pake kwa milimita moja tu, masikio ya mpigaji yatajua, hata kama macho yake hayaoni.

Kwanza mbao. Kwa shingo tunapenda mvule uliokauka, au mahogani ikipatikana, wenye nyuzi za mti zinazokwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Ubao wa vidole, yaani ule ubao mwembamba wa juu wenye freti, tunaufanya kwa mpingo. Mpingo ni mzito hata unazama majini, nao hauliwi upesi na nyuzi za chuma. Unaponyoosha mpingo jifunge kitambaa puani, kwa maana vumbi lake linawasha. Mbao zote zipangwe kwa vijiti katikati, hewa ipite, zikae miezi mingi. Mbao iliyokaushwa Mombasa bado itasinyaa ikiletwa bara kwenye hewa kavu, basi iachwe kwanza ikae hapa. Na tuseme wazi kwamba vipande vyote vya mbao tulivyotumia tulivilipia na tuna karatasi ya mlangoni. Asije mtu akasema maseremala wa tawi wanajenga magitaa kwa mali isiyo yao.

Sasa jigi lenyewe. Lina sehemu tatu, na kinachoziunganisha zote tatu ni pini mbili za chuma. Shikeni neno hili la pini, ndilo roho ya kazi yote.

Sehemu ya kwanza tunaiita kitanda. Ni ubao wa chini wenye urefu wa milimita 900, uliorandwa mpaka haupepesuki. Tuliweka vijiti viwili vilivyonyooka juu yake, kimoja kila ncha, tukachungulia toka upande mmoja kuona kama vinalala sambamba. Msokoto wa unene wa karatasi unaonekana kwa njia hiyo, na kitanda chenye msokoto kitazaa shingo zenye msokoto mpaka mwisho wa dunia. Juu ya ubao huo tumefunga kwa skurubu ubao wa pili, mwembamba, wenye umbo la shingo yenyewe: milimita 44 upande wa kichwa na milimita 55 kwenye freti ya 12. Katikati yake umepigwa mstari kwa ncha ya kisu. Penseli haifai hapa, maana mstari wa penseli una unene na kila mtu anausoma kivyake.

Juu ya mstari huo ndipo zilipo pini. Ni misumari ya milimita 3 iliyokatwa vichwa, ikatokeza juu milimita 3 tu. Ya kwanza iko milimita 50 toka mahali nyuzi zinapoanzia kwenye kichwa, ya pili iko milimita 295. Hatukuyachagua mahali hapo kwa kubahatisha. Pini ya kwanza iko baina ya freti ya 1 na ya 2, na pini ya pili iko baina ya freti ya 10 na ya 11, hata msumeno wa freti usiweze kukutana na tundu.

Kipande cha shingo kinalazwa kifudifudi, uso wake ukiwa chini, na matundu mawili yaliyotobolewa usoni yanaingia kwenye pini. Kisha randa inalazwa ubavu juu ya ubao wa chini na kusukumwa kando ya kitanda. Sehemu ya uso wa randa isiyo na kisu inatembea kwenye ukingo wa kitanda, na kisu kinakula shingo peke yake. Ikifika sawa na ukingo, kisu hakina tena cha kula. Mwanafunzi wa mwezi mmoja hawezi kuzidisha hata akitaka. Unageuza upande wa pili, na shingo imepata umbo lake bila rula kuguswa.

Tena matundu yale mawili yako usoni mwa shingo, na uso huo utafunikwa na ubao wa vidole. Ubao wa vidole nao una matundu mawili kama hayo upande wake wa chini, yasiyotokea juu. Mnajua jinsi gundi inavyoteleza: unafunga klampu, na kabla hujamaliza kukaza, ubao umekimbilia kando. Kwa pini mbili fupi katikati hauna pa kukimbilia. Haya yalikuwa mawazo ya fundi mmoja wa hapa ambaye hapendi kutajwa, naye ameketi nyuma pale akitazama dari.

Sehemu ya pili ni kisanduku cha kukatia kichwa. Kichwa cha gitaa kinainama nyuma ili nyuzi zilale vizuri kwenye daraja la juu, na sisi tumechukua digrii 15. Msiogope habari za digrii kama hamna chombo cha kuzipimia. Pima milimita 300 kwa ubapa, kisha panda juu milimita 80, unganisha ncha mbili kwa mstari, umeipata pembe yako. Tungeweza kuchonga shingo na kichwa katika kipande kimoja, lakini hapo ubao mnene ungehitajika, na nyuzi za mti zingekatika mahali kichwa kinapoinama. Gitaa kama hilo likianguka toka kwenye kiti, kichwa kinatoka. Kwa hivyo tunakata kipande chembamba kwa mshazari ndani ya kisanduku, tunakigeuza kilichokatwa juu chini, tunakigandisha kwa gundi. Sasa nyuzi za mti zinakwenda na kichwa, na mbao iliyotumika ni chini ya nusu. Juu ya sehemu hii hatuna mengi ya kusema. Msumeno uwe mkali, na gundi ilale usiku mzima kabla ya kufunguliwa.

Sehemu ya tatu ni ya freti, na hapa tunaomba mtuvumilie kwa sababu ya hesabu.

Urefu wa uzi unaolia, toka daraja la juu mpaka daraja la chini, sisi tumeufanya milimita 650. Ukiubana uzi katikati kabisa unapata sauti ile ile lakini ya juu, na hapo ndipo pa freti ya 12, milimita 325. Baina ya mwanzo na hapo kuna hatua 12, nazo hazilingani. Kila moja ni fupi kuliko iliyotangulia. Mafundi wa zamani sana walitumia kanuni ya 18: gawanya urefu kwa 18, weka freti ya kwanza, chukua urefu uliobaki, gawanya tena kwa 18, na kuendelea. Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo mtazama nyota, aliieleza kanuni hiyo katika kitabu kilichochapishwa Florence mwaka 1581. Ni kanuni nzuri kwa mtu asiye na kitu kingine, lakini ukiifuata kwa uzi wa milimita 650, freti ya 12 inakaa kwenye milimita 322 na nusu hivi, karibu milimita 2 na nusu kabla ya mahali pake. Namba ya kweli ya kugawanyia ni 17.817.

Tumekwisha kuifanya hesabu hiyo, nanyi mnaweza kuinakili. Toka daraja la juu, freti ya 1 iko milimita 36.5, ya 2 iko 70.9, ya 3 iko 103.4, ya 4 iko 134.1, ya 5 iko 163.1, ya 6 iko 190.4, ya 7 iko 216.2, ya 8 iko 240.5, ya 9 iko 263.5, ya 10 iko 285.2, ya 11 iko 305.7, na ya 12 iko 325. Angalieni tulivyosema: toka daraja la juu, zote. Asipime mtu toka freti hii hadi freti ile. Akikosea robo ya milimita kila mara kwa upande mmoja, akifika ya 12 amekosea milimita 3, na gitaa hilo hakuna atakayeweza kuliweka sawa.

Hesabu hiyo tuliipima mara moja tu, kwa chuma. Tulichukua kipande cha bamba la shaba, tukachora mistari kwa ncha ya chuma, tukakata pengo dogo kwa tupa kwenye kila mstari. Siku 3 za jioni zilikwisha kwa bamba hili peke yake, na lilipimwa na watu wawili, kila mtu kwa rula yake na kwa wakati wake, bila kuambiana. Bamba linafungwa kando ya ubao mdogo unaoteleza ndani ya kisanduku, na ubao wa vidole umekaa juu yake kwa pini zile zile mbili. Ndani ya kisanduku kuna ulimi wa chuma wenye springi. Unasukuma, ulimi unaanguka penye pengo, unasikia sauti yake. Unakata. Unainua ulimi, unasukuma tena mpaka usikie sauti. Ndugu yetu mmoja mwenye macho mabovu anakata freti 12 bila miwani, kwa kusikiliza.

Msumeno wa kukatia freti lazima uwe mwembamba, njia yake iwe milimita 0.6, ili freti igongwe na nyundo na kujishika yenyewe. Wembe wa msumeno wa chuma unakata njia pana mno, kwa kuwa meno yake yametanuliwa kulia na kushoto. Tuliusugua pande zote mbili juu ya jiwe la kunolea mpaka meno yakarudi ndani. Ubavuni mwake tumefunga kijiti, ili ukifika kina cha milimita 2 na nusu kijiti kigonge kisanduku na msumeno usiendelee.

Gitaa likimalizika linajaribiwa hivi. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, upige, usikie ile sauti nyembamba kama kengele. Kisha ubane uzi hapo hapo, upige tena. Sauti mbili zilingane. Ya kubana ikiwa juu zaidi, daraja la chini lisogezwe nyuma, kwa maana kidole kinapobana uzi kinaukaza kidogo. Kwa nyuzi za chuma mara nyingi ni milimita 2 au 3, na uzi mnene hutaka zaidi kuliko mwembamba. Hapo hapana jigi, ni masikio tu.

Sasa barua.

Mwenye duka mmoja wa mjini, ambaye hatutamtaja hapa, aliona magitaa yetu mawili kwenye arusi, akaja kuuliza. Anataka shingo 60, shingo tupu, masanduku atayatoa kwingine. Ameweka masharti mawili. Bei anayotoa ni ya saa 5 za kazi kwa kila shingo, kwa kiwango cha fundi. Na baada ya shingo ya 60, jigi liwe lake.

Tulipokuwa tukifanya kwa rula na penseli, shingo moja ilikula saa 11. Kwa jigi inakula saa 5. Mwenye duka amekaa nasi, ametazama saa yake, naye hakudanganya. Kwa macho yake bei ya saa 5 ni haki. Na kuna wanachama waliosema, ‘Tukubali upesi, kazi haipatikani.’ Hatuwalaumu. Ndugu zetu wawili wa tawi hili walipunguzwa kazini, ada za shule zinawasubiri, na shingo 60 zingewapa kazi ya wiki nyingi. Wao ndio wenye haki ya kusikilizwa kwanza katika shauri hili.

Lakini jigi halikuota. Lilichukua jioni 14 za watu wawili, saa 2 na nusu kila jioni, yaani saa 70. Hizo nani amezilipa? Zigawe kwa shingo 60, kila shingo inadai saa 1 na dakika 10. Basi gharama yetu ya kweli ni saa 6 na dakika 10, na mwenye duka anataka kulipa 5. Kisha ziko zile zilizookolewa. Toka 6 na dakika 10 mpaka 11 ni saa 4 na dakika 50 kwa kila shingo. Mwenye duka anazichukua zote, na hakuna aliyemwona akishika randa. Ninyi mlio katika karakana mnalijua jambo hili. Mashine mpya inaletwa, kazi inakwenda mbio, na siku ya mshahara bahasha ni ile ile.

Pendekezo letu, sisi tuliolitengeneza, ni kuzigawa nusu kwa nusu. Saa 2 na dakika 25 zije kwetu, saa 2 na dakika 25 ziende kwake. Bei iwe ya saa 8 na dakika 35 kwa shingo. Bado atapata nafuu kubwa kuliko kumpa fundi asiye na jigi, na hilo tutamwonyesha kwa hesabu hii hii, bila maneno makali.

Habari ya kumpa jigi, sisi tunasema hapana. Akilipata ataweka vijana watatu nyuma ya duka kwa nusu ya kiwango cha fundi, na ndugu zetu wawili watarudi walikokuwa. Vijana hao si adui zetu, waje hapa tuwafundishe. Lile bamba la shaba linakaa katika sanduku la tawi lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Mweka Hazina na mwingine kwa fundi wa zamu, na kila linapotoka linaandikwa kitabuni. Mwanachama yeyote anaweza kulitumia kwa kazi yake mwenyewe bila malipo, ila akitengeneza za kuuza atoe kidogo kwa ajili ya wembe na ya mbao za kisanduku, kwa maana njia ya msumeno inatanuka na baada ya shingo nyingi lazima mbao zile zibadilishwe.

Mwenye duka anangoja jibu mpaka mwisho wa mwezi. Kura itapigwa Jumamosi ijayo saa 8 mchana hapa hapa, na Kamati imekubali kwamba ndugu wale wawili waseme kabla ya mtu mwingine yeyote. Atakayetaka kujaribu jigi kabla ya kupiga kura aje saa 4 asubuhi na kipande chake cha mbao, urefu milimita 700, upana 80, unene 20, kikavu. Msumeno na gundi viko. Randa mje nazo, za tawi ni mbili tu na moja haina kisu.